Kivinjari Kinajifunga Ovyo na Unashuku Virusi: Jinsi ya Kuchunguza na Kusafisha Kompyuta ya Nyumbani

Chrome inajifunga ghafla, ukurasa unaganda, kisha pembeni mwa skrini linachomoza tangazo linalodai kompyuta yako imeshambuliwa. Wengi huunganisha mambo haya hapo hapo na kusema virusi vinaua kivinjari. Mara nyingi sivyo. Mtu anayeishi kwa kuiba nywila anataka kivinjari chako kifanye kazi bila kasoro, uendelee kuingia kwenye barua pepe na benki huku yeye akichota. Kivinjari kinachokufa kufa kwa kawaida kimeishiwa RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kimebeba kiendelezi kibovu (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari), kinagombana na draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya picha, au kinasoma faili kutoka kwenye diski iliyochoka.

Kwa hiyo anza kwa kutafuta ushahidi, usafi ufuate. Ukimwaga programu nne za kuzuia virusi kwenye mashine yenye RAM ya GB 4, kivinjari kitajifunga zaidi, na hutajua tena chanzo kilikuwa nini. Maelezo haya ni ya Windows 10 na 11, na majina ya menyu tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini ya Kiingereza, kwa kuwa ndivyo mashine nyingi zilivyo.

Dalili za virusi na dalili za uchovu

Kujifunga kwa kivinjari, ulegevu, feni kupiga kelele na matangazo mengi kwenye tovuti za filamu za bure si ushahidi wa virusi, hata vikija vyote pamoja. Yafuatayo ndiyo ya kutiliwa shaka:

- Injini ya kutafuta au ukurasa wa mwanzo umebadilika, unaurekebisha, na kesho umerudi vile vile.
- Kuna kiendelezi usichokiweka, na hakina kitufe cha kukiondoa.
- Windows Security haifunguki, au ulinzi wake unajizima wenyewe.
- CPU (prosesa) inafika asilimia 100 kompyuta ikiwa imetulia, lakini ukifungua Task Manager tu matumizi yanashuka. Baadhi ya programu zinazochimba sarafu za kidijitali zimefundishwa kujificha namna hiyo.
- Kila flashi inayochomekwa, folda zake zinageuka kuwa njia za mkato.
- Marafiki wanapokea ujumbe ambao hukuutuma, au akaunti yako inaonyesha kifaa usichokijua.

Jiulize pia kilichofanyika siku tatu au nne kabla tatizo halijaanza. Je, kuna programu ya kreki iliyowekwa, au chombo cha kuamilisha Windows bila leseni? Je, kuna ukurasa uliomwambia mtu wa nyumbani athibitishe kwamba yeye si roboti kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter? Hila hii ilisambaa sana kuanzia 2024. Ukurasa unaweka amri kwenye ubao wa kunakili bila wewe kuona, na wewe mwenyewe unaiendesha kwa vidole vyako. Ndiyo mojawapo ya njia zilizomsambaza mwizi wa nywila aitwaye Lumma, ambaye mitambo yake ilivurugwa na Microsoft pamoja na vyombo vya sheria Mei 2025, bila hila yenyewe kuisha.

Unaweza kukagua kama amri ya namna hiyo iliendeshwa. Fungua regedit (kihariri cha rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows) na uende hapa:

HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\RunMRU

Hapo kuna orodha ya amri za karibuni zilizoandikwa kwenye dirisha la Run (lile la kitufe cha Windows na R). Ukiona mstari mrefu wenye powershell, mshta au curl na anwani ya tovuti, zima Wi-Fi sasa hivi, ruka hatua za kivinjari, na uende moja kwa moja kwenye sehemu ya nywila kwa kutumia simu.

Kabla ya kugusa chochote

Usiingie kwenye benki, barua pepe wala tovuti ya serikali kupitia mashine hiyo hadi ujue hali yake. Nakili hati, picha na kazi zako kwenye diski ya nje. Chukua nyaraka tu: PDF, Word, Excel, picha na video. Faili za exe, msi, bat, vbs, js na lnk ziache. Kama diski inakoroma au inatoa mlio wa tik-tik, nakala hiyo ndiyo kazi ya kwanza na ya haraka kuliko zote, kwa sababu ukaguzi wowote unaosoma diski nzima unaweza kuwa ndio wa mwisho kwake.

Kisha badilisha kitu kimoja kwa wakati, na ukiandike. Fundi anayebadilisha vitu sita kwa mpigo anaweza kuponya mashine, ila tatizo likirudi mwezi ujao anaanza upya kabisa.

Soma kumbukumbu za Windows

Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika perfmon /rel, kisha Enter. Itafunguka chati ya siku kwa siku yenye alama nyekundu kila programu ilipojifunga. Tazama mambo mawili: tarehe alama zilipoanza, na kama ni kivinjari peke yake. Kama chrome.exe, explorer.exe na Word zote zinajifunga katika siku zile zile, acha kuhangaika na kivinjari, tatizo liko chini yake: RAM, diski, joto au umeme.

Bofya tukio mara mbili uone undani wake. Mstari wa Exception Code husema mengi:

- 0xc0000005 maana yake programu iligusa eneo la kumbukumbu lisilo lake. Chanzo kinaweza kuwa draiva, faili ya programu nyingine iliyojipenyeza ndani ya kivinjari, au RAM mbovu.
- 0xc0000006 maana yake Windows ilishindwa kusoma sehemu ya programu kutoka kwenye diski. Ukiikuta, shuku diski au waya wake kabla ya kitu kingine chochote.
- 0xe0000008 kwenye Chrome na Edge ni njaa ya kumbukumbu.

Tazama pia Fault Module Name. Jina linaloanza na igd au igx kwa kawaida ni draiva ya picha ya Intel, nvwgf2umx.dll ni ya NVIDIA, na atidxx64.dll ni ya AMD. Ukiona faili yenye jina la programu yako ya kuzuia virusi, umepata mgomvi. Ntdll.dll na KERNELBASE.dll hazisemi kitu. Humo ndimo ajali nyingi huishia bila kujali zilikoanzia.

Firefox ina ukurasa wake. Andika about:crashes kwenye sehemu ya anwani, fungua ripoti iliyotumwa, usome mstari wa Signature. Ukianza na OOM, RAM iliisha. Katika Chrome, kichupo kilichokufa huonyesha neno lake chini: Out of Memory inajieleza, STATUS_ACCESS_VIOLATION ni ile ile 0xc0000005, na RESULT_CODE_HUNG ni ukurasa ulioganda hadi ukauawa.

Kukitenga kivinjari

Anza kwa jaribio la dakika kumi: tumia kivinjari cha familia nyingine. Edge na Chrome zina injini moja, hivyo kuhamia Edge hakuthibitishi mengi. Jaribu Firefox. Firefox ikitulia kwa kazi zile zile huku Chrome ikifa, tatizo liko kwenye Chrome au wasifu wake (folda ya mipangilio na data zako).

Sasa fungua dirisha fiche kwa Ctrl, Shift na N. Humo viendelezi havifanyi kazi isipokuwa vile ulivyoviruhusu mwenyewe. Likitulia, nenda chrome://extensions, zima vyote, kisha washa kimoja kimoja, ukikipa kila kimoja nusu siku ya kazi ya kawaida. Vya kushuku kwanza ni vya kupakua video, vya VPN ya bure, vya kuponi na vya kubadilisha PDF. Kiendelezi kizuri huuzwa kwa mmiliki mpya, na sasisho linalofuata linakuja na mzigo mwingine; kwamba ulikiweka mwenyewe miaka mitatu iliyopita hakukupi usalama wowote. Kwenye Firefox, fungua programu huku umeshikilia Shift, ukubali Troubleshoot Mode.

Kama dirisha fiche nalo linajifunga, fuata mpangilio huu:

1. Zima matumizi ya kadi ya picha. Katika Chrome nenda Settings, kisha System, zima Use graphics acceleration when available, na ufungue upya. Kivinjari kikitulia, sasisha draiva ya picha kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, kisha uwashe tena. Usiiache imezimwa milele, video zitailemea CPU.
2. Andika chrome://conflicts, au kwenye Firefox about:third-party. Utaona faili za programu nyingine zilizojipachika ndani ya kivinjari. Programu mbili za kuzuia virusi kwenye mashine moja ni ugomvi wa uhakika; ondoa moja kwa chombo cha uondoaji kinachotolewa na mtengenezaji wake, kwa sababu njia ya kawaida huacha mabaki.
3. Tengeneza wasifu mpya ndani ya kivinjari na uutumie siku moja. Ukitulia, wasifu wa zamani umeharibika. Umeme kukatika wakati Chrome inaandika faili zake ni sababu ya kawaida kabisa ya uharibifu huo kwenye kompyuta za mezani zisizo na UPS.
4. Kuondoa Chrome na kuisakinisha upya huja mwisho, na peke yake huwa bure. Folda ya User Data hubaki pale pale usipoweka alama ya kufuta data wakati wa kuondoa, na kilichoharibika mara nyingi kiko humo.

Kuhusu RAM, fungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc, nenda Performance, halafu Memory, utazame neno Committed. Kuna namba mbili, kwa mfano 7.6/8.0. Ya kwanza ikikaribia ya pili, mashine imefika ukingoni, na kivinjari kwa kuwa ndicho mlaji mkubwa hufa kwanza. Ndani ya Chrome au Edge, Shift na Esc hufungua orodha ya vichupo na viendelezi pamoja na RAM ya kila kimoja. Bofya Memory footprint uone anayekula.

Kuna ushauri mbaya unaozunguka mitandaoni kwamba kuzima pagefile (faili ya diski inayoisaidia RAM ikijaa) huongeza kasi. Kwenye mashine ya GB 4 au 8, huo ndio mwaliko wa ajali. Andika sysdm.cpl kwenye Run, nenda Advanced, Settings ya Performance, Advanced tena, kisha Virtual memory, na uweke alama kwenye Automatically manage. Hakikisha pia diski ya C ina nafasi isiyopungua GB 15. Diski ikijaa, pagefile haikui, wasifu wa kivinjari hauandikiki, na ajali zinazofuata zinafanana kabisa na kazi ya virusi.

Chrome ikigoma kujisasisha, angalia toleo la Windows. Chrome 109 ndiyo ya mwisho kwa Windows 7 na 8.1, hivyo tovuti nyingi mpya zitavunjika humo bila kosa lako. Windows 10 nayo ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Vitu vinavyofanana na virusi

Matangazo yanayochomoza chini kulia hata ukiwa kwenye Word, yakisema leseni ya antivirus imeisha, mara nyingi ni arifa za tovuti. Mtu alibofya Allow mahali fulani. Nenda chrome://settings/content/notifications, futa kila anwani usiyoijua, basi. Hakuna cha kusafisha zaidi.

Ukurasa uliojaza skrini nzima, unaopiga king'ora na kutoa namba ya simu ya "msaada wa Microsoft", ni ukurasa wa kawaida tu. Shikilia Esc hadi skrini irudi, funga kwa Alt na F4, au ua kivinjari kupitia Task Manager, na ukikifungua tena kataa kurejesha vichupo. Hatari inaanza pale mtu anapopiga namba ile na kuelekezwa aweke AnyDesk, programu ya kuiendesha kompyuta kutoka mbali.

Kompyuta za mezani zilizotumika, zile zinazouzwa madukani kama ex-UK, huleta mkasa wa saa. Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama imekufa, tarehe inarudi nyuma kila umeme unapokatika, na kila tovuti inatoa onyo la NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Mwenye mashine anaamini amevamiwa. Betri mpya ya volti 3, saa ikawekwa sawa, na maonyo yanakwisha.

Kukagua mashine yenyewe

RAM: andika mdsched.exe, chagua kuwasha upya. Majibu yasipojitokeza baada ya Windows kuwaka, yatafute kwenye Event Viewer, Windows Logs, System, chini ya chanzo MemoryDiagnostics-Results. Jaribio hili ni jepesi na hukosa makosa ya hapa na pale. MemTest86 kwenye flashi, ikiachwa usiku kucha hadi imalize mizunguko yake minne, ndiyo ya kuamini. Hata kosa moja si la kuvumilia. Zima umeme, chomoa vipande, rudisha kimoja, pima, badilisha nafasi, pima tena, hadi ujue kama kibovu ni kipande au tundu.

Diski: CrystalDiskInfo inasoma hali yake kwa sekunde chache. Kwenye diski ya kuzunguka angalia mistari 05, C5 na C6, inayohesabu sehemu mbovu. Thamani ghafi zikiwa sifuri ni salama. C5 ikipanda wiki hadi wiki, diski inaondoka. Hapo usiendeshe chkdsk /r, ambayo hulazimisha kusoma kila sehemu na kwenye diski ya TB 1 inaweza kuchukua saa nyingi. Nakili, badilisha diski. SSD mpya ya GB 240 kwenye mashine ya zamani huponya malalamiko mengi yaliyopewa jina la virusi.

Joto: prosesa ikigota karibu na nyuzi 100 za Selsiasi unapofungua video, safisha vumbi kwenye feni na ubadilishe pesti ya joto. Na kama una kompyuta ya mezani yenye Intel Core ya kizazi cha 13 au 14, sasisha BIOS (programu ya msingi ya ubao mama) kabla ya lawama nyingine. Baadhi ya prosesa hizo zilikuwa na hitilafu ya volti iliyosababisha programu kujifunga bila mpangilio, na Intel ilitoa marekebisho ya microcode (maagizo ya ndani ya prosesa) mwaka 2024. Iliyokwisha kuharibika haiponi kwa sasisho, dai dhamana.

Mwisho fungua Command Prompt kama msimamizi, uendeshe kwa mpangilio huu:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Ya kwanza hurekebisha ghala la faili za Windows kupitia intaneti, ya pili huchota kutoka ghala hilo. Ukizipindua, sfc inaweza kukosa faili nzima ya kurejeshea.

Kutafuta na kuondoa programu hasidi

Kabla ya skani yoyote, kagua mianya. Fungua Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, teremka hadi Exclusions. Programu nyingi hasidi hujiandikisha hapo ili Defender, kizuia virusi cha Windows yenyewe, iziruke, na wasakinishaji wa kreki humwomba mtumiaji afanye hivyo mwenyewe. Ukikuta C:\ nzima imeorodheshwa, skani zote ulizofanya hadi leo zilikuwa kiini macho. Futa kila usichokiweka. Hakikisha Tamper Protection imewashwa.

Halafu:

1. Sasisha Defender, fanya Full scan. Kwenye diski ya kuzunguka tenga nusu siku.
2. Chagua Microsoft Defender Antivirus (offline scan). Kompyuta inajizima na kuwaka nje ya Windows, mahali ambapo vitu vinavyojificha haviwezi kujitetea. Huchukua kama dakika 15. Majibu yako kwenye Protection history.
3. Tafuta maoni ya pili. AdwCleaner ni ndogo, haihitaji kusakinishwa, na ni bora kwa viendelezi vya matangazo. Microsoft Safety Scanner ni nzito, inazidi MB 100, na inaisha muda siku 10 baada ya kupakuliwa, hivyo usiihifadhi kwenye flashi ukiitegemea mwaka mzima. Kumbukumbu yake ni faili ya msert.log ndani ya C:\Windows\debug. Bando likiwa dogo, AdwCleaner na skani ya nje ya Windows zinatosha kuanzia.

Programu ikikataa kufunguka, shikilia Shift ukibofya Restart, nenda Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 5 uingie Safe Mode yenye mtandao.

Skani hazioni kila kitu. Kwa ukaguzi wa mkono, pakua Autoruns kutoka kurasa za Sysinternals za Microsoft. Kwenye Options washa Hide Microsoft Entries, na kwenye Scan Options washa Verify Code Signatures na Check VirusTotal.com. Mistari ya njano inaonyesha faili zisizokuwapo tena; ya waridi haina sahihi ya mtengenezaji. Mstari wa waridi unaoendesha kitu kutoka AppData au Temp, wenye jina la herufi za ovyo, ndio wa kushuku. Ondoa alama ya tiki tu, usifute, kisha uwashe upya. Mambo yakiharibika unaweza kuirudisha. Kuhusu VirusTotal, injini moja au mbili kati ya zaidi ya 70 zikipiga kelele inaweza kuwa makosa, ishirini si makosa. Nyaraka zako binafsi usizipandishe humo, maana faili hushirikishwa kwa watafiti.

Fungua taskschd.msc vilevile. Kazi iliyopangwa kufungua kivinjari na anwani fulani kila baada ya dakika 30 inaeleza kwa nini tangazo hurudi hata baada ya skani safi.

Kisha kagua yanayokigusa kivinjari kutoka nje:

- Bofya kulia njia ya mkato ya Chrome, Properties, mstari wa Target. Baada ya chrome.exe na alama ya kufunga nukuu hakupaswi kuwa na kitu, ila kama uliweka mwenyewe au ni njia ya mkato ya wasifu.
- Andika chrome://policy. Kwenye kompyuta ya nyumbani ukurasa huu kwa kawaida huwa mtupu, ingawa baadhi ya antivirus huweka sera zao. ExtensionInstallForcelist yenye kiendelezi usichokijua ndiyo sababu kitufe cha Remove hakipo. Kwenye regedit, hifadhi nakala ya ufunguo kwa Export, kisha futa Google\Chrome chini ya SOFTWARE\Policies, kote HKEY_LOCAL_MACHINE na HKEY_CURRENT_USER. Laptopu ya kazini usiiguse hapa. Sera hizo ni za mwajiri.
- Settings, Network & internet, Proxy: zima seva yoyote usiyoiweka.
- Faili ya C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts, ifungue kwa Notepad. Mistari isiyoanza na # ikitaja tovuti za antivirus au benki, ifute.

Sasa endesha chrome://settings/reset. Alamisho na nywila zilizohifadhiwa hubaki, viendelezi huzimwa. Kiendelezi kikirudi baada ya saa moja, usilaumu Windows: usawazishaji wa akaunti ya Google umekileta kutoka wingu. Zima usawazishaji, fungua chrome.google.com/sync, futa data iliyohifadhiwa, halafu uanze upya.

Flashi zenye njia za mkato

Tatizo hili bado linaishi kwenye stesheneri na saibakafe. Folda zako hazijafutwa, zimefichwa, na njia ya mkato inaendesha hati ya vbs au js kabla ya kufungua folda halisi. Safisha kompyuta kwanza, la sivyo flashi itaambukizwa sekunde ile ile. Ukiona wscript.exe, kiendeshaji cha hati hizo, kwenye Task Manager bila sababu, iue, na utafute mwanzilishi wake kwenye Autoruns. Kisha, kama flashi ni E:

attrib -s -h -r /s /d E:\*.*

Folda zitaonekana. Nakili nyaraka, format flashi. Ukirudi stesheneri kuchapisha, tuma PDF kwa barua pepe badala ya kupeleka flashi, au beba flashi isiyo na kingine chochote.

Nywila, kutoka kwenye simu

Kama kuna dalili ya mwizi wa nywila, hesabu kila nywila iliyokuwa ndani ya kivinjari kuwa imechukuliwa. Kubadilisha nywila peke yake hakutoshi, kwa sababu mwizi hubeba pia vidakuzi vinavyomwezesha kuingia bila kuulizwa nywila. Tumia kifaa safi na mtandao wa simu:

1. Barua pepe kwanza, kwa kuwa ndiyo ufunguo wa kubadilisha nyingine zote. Badilisha nywila, toa vifaa vyote usivyovijua, washa uthibitisho wa hatua mbili.
2. Ndani ya Gmail, angalia Filters na Forwarding. Wezi hupenda kuacha kichujio kinachozituma kwao barua za benki na kuzificha kwako.
3. WhatsApp kwenye simu, Linked devices, toa zote.
4. Benki ya mtandaoni na lango la biashara la pesa kwa simu, kama unalitumia kwenye kompyuta. Wapigie benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi.
5. Mitandao ya kijamii, ukichagua kutoka kwenye vifaa vyote.

Wakati wa kufuta na kuanza upya

Usibishane na mashine iwapo Defender inajizima baada ya kusafishwa, kitu kile kile kinarudi baada ya skani mbili safi, mtu wa mbali alikuwa na AnyDesk kwa saa nzima, au amri ya PowerShell iliendeshwa kwa idhini ya msimamizi. Futa.

Reset this PC kwa Cloud download inaweza kula zaidi ya GB 4 za bando. Kilicho safi zaidi ni flashi ya GB 8 au zaidi iliyotengenezwa kwa Media Creation Tool kwenye kompyuta nyingine. Chomoa diski zote za nje, washa kompyuta kutoka kwenye flashi, na ufute migawanyo yote ya diski ya mfumo. Kumbuka D: mara nyingi ni mgawanyo wa diski ile ile, nayo itaondoka.

Kuhusu leseni, usirudie chombo cha kuamilisha. Huenda ndicho kilichokufikisha hapa. Kompyuta nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 10 au 11, zikiwemo za ex-UK, zina ufunguo ndani ya BIOS, na Windows hujiamilisha yenyewe toleo likilingana, Home kwa Home au Pro kwa Pro. Kabla ya kufuta, fungua PowerShell uandike:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Ukitokea ufunguo wa herufi na tarakimu 25, mashine ilinunuliwa na leseni yake.

Baada ya kusakinisha, maliza sasisho za Windows na draiva kabla ya kitu kingine. Tengeneza akaunti ya kawaida isiyo ya msimamizi kwa matumizi ya kila siku na ya watoto. Skani diski ya nje yenye nyaraka kabla ya kunakili kurudi, huku umewasha File name extensions kwenye View ya File Explorer, ili ankara.pdf.exe isijifanye PDF.